Shujaa wangu wa barafu aliyeyuka mara mbili kabla sijajua kumuunda

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kuanza hizi gemu za mezani za kuigiza, hasa kama umeshaamua kichwani kwamba mhusika wako atakuwa mtu wa barafu, maana mi nimepita hapo na imenigharimu hela, Jumamosi kama kumi hivi, na ilibaki kidogo initenganishe na ndugu yangu. Sitaki mwingine apite nilipopita.

Kwa wasioijua hii gemu, mnakaa watu wanne au watano, mmoja anaendesha hadithi, sisi tunamwita gemu masta, wengine kila mtu ana mhusika wake kaandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, udhaifu wake, namba zake. Gemu masta anasema mmefika mahali fulani kuna hili na lile, we unasema mhusika wako anafanya nini, na kama jambo lenyewe linaweza kushindikana unarusha dadu ya pande ishirini, unajumlisha na namba za kwenye karatasi, basi mnajua limekwenda au limekwama. Ile maarufu kuliko zote ya mapanga na majoka, Dungeons & Dragons, ilitoka 1974 huko Marekani. Sisi tulicheza Mutants & Masterminds, ya 2002, hiyo ni ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na tuliicheza kwa sababu ndo aliyokuwa anaijua Ticha. Sheria zake nyingi ziko wazi mtandaoni bure, ni bando lako tu na uvumilivu wa kusoma Kiingereza kirefu.

Ticha ni mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku Kigoma, aliijulia chuo. Mi nafanya kazi stationeri pale Mwanga, yeye alikuwa anakuja kutoa fotokopi za mitihani, siku moja akaacha karatasi ya mhusika kwenye mashine, nikaiona, nikamuuliza hii nini, akavuta kiti. Ndo ilivyoanza.

Hiyo ilikuwa Mei 2024, na wa huku wanajua mwezi ule ulikuwaje. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kwa hiyo binamu yangu ambaye ni mvuvi wa Katonga, mtu ambaye usiku huwezi kumkuta nchi kavu isipokuwa mbalamwezi, akawa hana pa kwenda. Akawa anakuja stationeri jioni, anakaa, anaangalia barabara. Nikamwambia kaka njoo Jumamosi kuna kitu. Tukampata na dada wa saluni ya jirani na mshkaji mmoja wa bodaboda, tukawa watano pamoja na Ticha, tukakaa kibarazani baada ya kufunga.

Dadu ya pande ishirini hapa mjini hatukuiona dukani. Programu za simu za kurusha dadu zipo, lakini chaji inaisha alafu kila mtu anainamia simu yake, tukaona bora vizibo. Tulichukua vizibo ishirini vya soda, tukaandika namba 1 mpaka 20 kwa ndani kwa maka pen, tukaweka kwenye kopo tupu la siagi, unatikisa, unachota kimoja bila kuangalia. Inafanya kazi vizuri kabisa ila angalia mambo mawili. Kwanza kila ukichota lazima urudishe na mtu atikise tena, wiki ya kwanza tulikuwa tunaweka pembeni vilivyokwishatoka na hatukuelewa kwa nini mwisho wa mchezo kila mtu anapata makubwa, kumbe madogo yote yako mezani. Pili chagua vizibo visivyopinda. Chetu cha 20 kilikuwa kimekunjwa ukingo na kifunguo, na mshkaji wa bodaboda vidole vyake vilishakijua. Hakusema. Tulikuja kugundua siku dada wa saluni alipokipapasa naye akacheka.

Sasa mhusika wangu. Wa kwanza nilimwita Mfalme wa Theluji. Theluji sijawahi kuiona kwa macho, na nadhani tatizo lilianzia hapo, nilichukua kila nilichokiona kwenye picha za watu wengine nikabandika: koti refu jeupe, macho ya bluu, anateleza hewani juu ya reli ya barafu anayoitengeneza mwenyewe, kama yule Iceman wa Marvel aliyetoka 1963 na ambaye kila anayeunda mtu wa barafu anamuiga akijua au asijue. Kuiga kwenyewe si dhambi. Ila nilikuwa namchezea mtu nisiyemjua, na ukiwa humjui mhusika wako, kitu pekee unachoweza kufanya naye ni kushinda.

Na nilishinda kweli, kwa makosa. Kwenye hii gemu mnaanza na levo ya nguvu, sisi tulianza levo 10, na kila mmoja anapewa pointi 150 za kununulia kila kitu, nguvu, ulinzi, ujuzi. Mi nikasoma haraka haraka nikaona naweza kununua ninavyotaka mradi pointi zinatosha, nikaweka shabaha 14 na makali ya barafu 14. Kulikuwa na ukurasa niliouruka. Ukurasa huo unasema shabaha na makali ya shambulio ukijumlisha visizidi mara mbili ya levo, yaani kwetu 20. Mimi nilikuwa na 28. Maana yake ni hii: mtu akipigwa na makali ya 14, kizibo anachochota ukijumlisha na ugumu wa mwili wake lazima vifike 29 ili asidhurike, sasa adui mwenye ugumu wa 8 hata akichota kizibo cha 19 anafika 27. Karibu hakuna anayetoka bila kudhurika. Na ulinzi una kikomo hichohicho, wepesi wa kukwepa ukijumlisha na ugumu wa mwili visipite 20.

Kwa hiyo wiki tatu mfululizo mambo yalikuwa hivi, Ticha anaandaa adui wiki nzima, tunafika, zamu yangu inafika, nachota kizibo, adui amekuwa sanamu. Nilikuwa nafurahi aisee. Nilikuwa narudi nyumbani nimenyoosha kifua. Sikuona kwamba dada wa saluni ameanza kusuka nywele za mtu huku tunacheza, na mshkaji wa bodaboda akipigiwa na mteja anaondoka hata zamu yake haijafika. Binamu alikuja kuniambia, tena kwa upole, tukiwa tunatembea: "Mdogo wangu, mimi mhusika wangu anaona gizani kama mchana, nimekaa wiki tatu nasubiri giza liingie. Haliingii. We unamaliza mchana."

Nilirudi kwenye sheria nikasoma mstari kwa mstari, nikaukuta ule ukurasa. Nikaprinti upya karatasi yangu. Kwa jumla kuprinti na kuprinti tena nilitumia kurasa kama 80, shilingi 200 kila ukurasa, hiyo ni elfu kumi na sita, na nilikuwa nalipa maana duka si langu. Ushauri wangu hapa ni mwepesi, andika kwa penseli kwanza kwenye daftari, na mpe gemu masta akague hesabu yako kabla hujaprinti chochote, Ticha angeniona palepale kama ningempa, nami nilimficha kwa sababu nilitaka kuwashangaza.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mhusika kuyeyuka. Ya pili ndo iliyoniuma.

Nilipomtengeneza upya nikajifunza kitu wanachokiita array, sisi tulikiita fungu. Badala ya kununua kila nguvu kivyake, unanunua moja kubwa kwa bei kamili, alafu nyingine unaziweka humohumo kwenye fungu kila moja kwa pointi 1 tu, mradi haizidi bei ya ile kubwa. Mfano wangu, kumfunga mtu kwa barafu asisogee, kiwango cha 8, ni pointi 24. Kupiga kwa barafu kiwango cha 10 ni pointi 20. Kuunda vitu vya barafu, kuta, madaraja, ngazi, kiwango cha 10 ni pointi 20 nyingine. Kivyakevyake ni 64. Kwenye fungu ni 24 jumlisha 1 jumlisha 1, yaani 26. Nimeokoa pointi 38! Mtu wa barafu anafaa sana kwa fungu maana nguvu zake zote zinatoka chanzo kimoja, na nitakushauri ulitumie, ila soma sharti lake mpaka likae kichwani. Unatumia moja kwa wakati mmoja. Ukihamia nyingine ile ya kwanza inazimika. Ukuta uliouunda unapotea, palepale, hauyeyuki taratibu.

Nililisoma hilo sharti. Naapa nililisoma. Sikulifikiria tu.

Ticha alikuwa ametunga hadithi nzuri kuliko zote, inahusu Liemba. Meli ile kila mtu wa huku ana mtu wake aliyeipanda, ilitengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isichukuliwe na maadui, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwenye hadithi kuna adui anataka kuizamisha mara ya pili. Na mnajua vijiji visivyo na gati abiria walivyokuwa wanapanda, mitumbwi ilikuwa inatoka ufukweni inaifuata meli katikati ya maji, watu wanarukia na mizigo yao na watoto. Adui akapiga mawimbi, mtumbwi mmoja ukapinduka nusu, watu kumi na wawili. Nikasema Mfalme wa Theluji anaunda daraja la barafu kutoka mtumbwini mpaka mchangani. Nikachota, nikapata 17. Mezani watu wakapiga makofi. Ticha akaanza kueleza watu wanavyovuka, mama na mtoto mgongoni, mzee na gunia la mihogo.

Zamu ikazunguka ikanirudia. Adui yuko pale juu ya paa la meli, wazi kabisa. Nikasema nampiga.

Ticha akaniangalia. Akauliza, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo nampiga, nikachota kizibo, hata sikumbuki kilikuwa cha ngapi. Akasema taratibu kwamba umehama kwenye fungu, daraja halipo tena. Waliokuwa juu yake saba.

Nikafungua mdomo kubisha kwamba barafu haiwezi kupotea hivihivi. Ndo nikamwona binamu. Alikuwa ameshika kopo la vizibo kwa mikono miwili, amelitazama ndani kama anatafuta kitu. Akaliweka mezani bila sauti, akachukua kofia yake, akasema "haya jamani, usiku mwema," akaondoka.

Baba yake alifia ziwani. Mjomba wangu mimi, kaka wa mama yangu, nikiwa darasa la nne, mtumbwi ulipinduka usiku na wa karibu walikuwepo lakini hawakufika. Nilijua. Mezani pale ni mimi pekee niliyejua, Ticha hakujua, na ni mimi niliyetakiwa kumwambia kabla. Nililala saa nane usiku siku ile.

Asubuhi nikamweleza mama. Mama yangu anauza barafu, zile za kwenye vifuko, za ubuyu na za ukwaju, na mabonge makubwa ya maji matupu kwa akina mama wanaouza samaki wabichi. Nilitegemea aniambie michezo gani hiyo ya watu wazima. Akaniuliza tu, "Sasa wewe ulipokuwa unampiga huyo mtu, hao wa darajani uliwaachia nani?" Sikuwa na jibu. Akaendelea kufunga vifuko. Alafu akaniambia nisogeze friza atoe maji yaliyomwagika nyuma.

Niliingiza mkono nyuma ya friza kulivuta na nikautoa haraka maana kule nyuma ni moto. Umeme ulikuwa umetoka kurudi, friza inahangaika na maji mapya, na zile nyaya za mgongoni zilikuwa zinaunguza kabisa. Nimeishi na hilo friza miaka yote na najua kuna joto, lakini siku ile nilisimama nikashika tena kwa makusudi. Joto lote linalotolewa kwenye yale maji mbele linatokea hapa nyuma. Haliendi popote pengine. Barafu huitengenezi kwa kuleta baridi, unaitengeneza kwa kuhamisha joto, na lazima kuna mtu au kitu cha kulibeba.

Hapo ndo nilimpata mhusika wangu.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu za fizikia ya sekondari. Maji ya ziwa letu juu ni kama nyuzi 25. Kilo moja ya maji hayo, kuyashusha mpaka sifuri unatoa kilojouli 105, alafu kuyageuza kuwa barafu kwenyewe, yakiwa palepale kwenye sifuri, kilojouli 334 nyingine. Jumla karibu 440. Joto hilo ukilipeleka kwenye kilo nyingine ya maji hayohayo linaichemsha na linabaki. Kwa hiyo shujaa anayegandisha kilo moja anabeba mgongoni joto la sufuria linalochemka. Na kukimbilia kilindini hakumsaidii sana, Tanganyika ina kina cha mita 1,470 lakini hata huko chini kabisa maji ni nyuzi 23 hivi.

Nikapiga na ya daraja. Barafu inaelea kwa sababu ni nyepesi kidogo tu kuliko maji, mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, ya barafu ni 917 hivi, tofauti yake ndo uzito inaoweza kubeba kabla haijazama yote: kilo themanini na kitu. Yaani mtu mzima mmoja na kikapu chake anahitaji bonge la mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Watu kumi na wawili ni mabonge kumi na mawili, tani kumi na moja za barafu, na joto lake lote mgongoni kwa mtu mmoja. Nilipoyaona hayo nikaelewa kwamba kushika daraja ndo pambano lenyewe. Yule adui wa juu ya paa wangempiga wengine.

Sikumwendea binamu na daftari lakini. Nilimwendea mikono mitupu, Jumatatu, nilipanda boda mpaka Katonga, nikamkuta anashona nyavu chini ya mwembe maana muda ule wa kufungwa ziwa ndo walikuwa wanashona. Nikakaa. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia kaka nimekosa, nilijua habari ya mjomba na sikufikiria. Alishona matundu kama matano hivi hajasema kitu.

Akasema, "Hadithi ya maji siikatai. Mi naishi majini. Kilichoniuma ni kwamba hukuangalia nyuma."

Nikamuuliza atarudi. Akasema atarudi, ila Ticha aseme mapema kama kuna watu wa kuzama, asikutane nalo ghafla, na kama kuna daraja nilishike mpaka mwisho.

Tukaanza upya, na safari hii kabla ya kitu chochote Ticha alitupa vipande vya karatasi, kila mtu aandike jambo ambalo hataki likutwe mezani au anataka aulizwe kwanza, bila jina, tukatumbukiza kwenye kopo lilelile la vizibo. Yeye akasoma peke yake. Kuna jambo alilisema kwa sauti kwamba halitakuwepo kabisa, na hakuna aliyeuliza la nani. Jambo hili linachukua dakika kumi, tafadhali lifanyeni siku ya kwanza, hata kama mnajuana tangu utoto, na tena hasa kama mnajuana tangu utoto.

Mhusika mpya nilimwita Zizima. Ni mwanamke, alikuwa anauza barafu Kibirizi pale mwaloni, anajua kwamba bonge zima lililofukiwa kwenye maranda ya mbao na kufunikwa gunia linafika jioni, na lililopondwa linaisha kabla ya adhuhuri, anajua chumvi inafanya barafu iume zaidi, anajua samaki unapanga barafu chini, samaki, barafu juu. Haya yote yaliingia kwenye mchezo! Mara moja tulihitaji kupeleka chanjo kijiji cha mbali kwa siku mbili, na chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 mpaka 8, zikiganda nyingine zinaharibika, kwa hiyo mtu wa nguvu za barafu ndo anatakiwa kujizuia kuliko wote. Ulikuwa usiku mzuri kuliko mapigano yoyote niliyowahi kucheza, nilichota vizibo kwa mkono unaotetemeka nikiomba nisipate kikubwa sana.

Kwenye karatasi nilifanya hivi. Uwezo wa kuunda vitu vya barafu niliutoa kwenye fungu nikaulipia pointi zake 20 kamili, ili daraja libaki hata akifanya jambo lingine. Ndani ya fungu vikabaki kumfunga mtu na kupiga, 24 na 1. Jumla 45 badala ya 26, zile 19 za ziada nilizitoa kwenye kuteleza hewani, nikaachana nako kabisa. Shabaha 10, makali 10. Kinga ya kudhurika na baridi pointi 5, hiyo nunua tu ni rahisi na kila siku itakusaidia. Alafu kwenye sehemu ya matatizo ya mhusika, nikaandika: joto analolitoa kwenye maji linamrudia mgongoni, akigandisha kitu kikubwa kuliko mtumbwi lazima awe amesimama majini, la sivyo anaungua. Gemu hii inakulipa ukiumizwa na tatizo lako, gemu masta anakupa pointi ya ushujaa ambayo baadaye unaweza kuitumia kurudia kuchota kizibo, kwa hiyo usiogope kuandika tatizo la kweli, tena andika linaloweza kutokea kila wiki. "Anaogopa moto" nililiandika kwa yule wa kwanza, matokeo yake Ticha alituletea adui wa moto mara tatu mpaka tukachoka wote.

Na muulize gemu masta mapema barafu yenu inadumu muda gani, inateleza au haitelezi, mtu aliyegandishwa anapumua au hapumui. Sisi tulibishana hayo katikati ya pambano nusu saa nzima, dada wa saluni akasinzia.

Tuliirudia ile ya Liemba mwezi wa nane mwanzoni, binamu ndo aliyeiomba. Mtumbwi ukapinduka palepale. Zizima akaingia maji ya kiunoni, akaunda daraja, Ticha akaanza kuhesabu wanaovuka, mmoja, wawili, na kila wawili ananiambia joto limepanda, nachota kizibo kuvumilia. Zamu yangu ikafika adui yuko paa lilelile. Nikasema nashika daraja. Zamu ya pili nashika daraja. Maji yaliyomzunguka Zizima yakaanza kutoa mvuke, Ticha akanisukumia pointi ya ushujaa, ni punje ya mahindi tunatumia, nikaitumia hapohapo. Giza likaingia kwenye hadithi, na binamu akasogeza kiti mbele, akasema mhusika wake ameshampata yule wa paani, anamwona kama mchana.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa na kaka akarudi kwenye dagaa. Sasa hivi hatuchezi tena kila Jumamosi, tunacheza siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa na wavuvi wanapumzika. Vizibo tumebadilisha vyote ishirini. Mama ndo alitupa vipya, alivichagua mwenyewe vyenye ukingo mzima, akaviosha, akavianika juu ya friza vikakauka.